Nishani Haimo Kwenye DD-214: Maswali Ninayoulizwa Tanga na Waliotumikia Jeshi la Marekani

Ukikaa kijiweni Ngamiani ukaagiza kahawa na kashata, hazipiti dakika nyingi kabla hujaulizwa habari za mtu aliyeko Marekani. Nimezoea. Nilitumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, mtunza ghala wa kawaida tu, kisha nikarudi nyumbani Tanga. Tangu nirekebishiwe kumbukumbu zangu, wenzangu waliovaa gwanda lile hunitafuta na swali moja lenye sura nyingi: nilitunukiwa nishani, mbona kwenye karatasi haimo? Nimechoka kueleza mmoja mmoja kwa sauti za WhatsApp za dakika nane nane, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Mengi yanahusu Jeshi la Nchi Kavu kwa kuwa ndiko nilikotoka. Wa majini, wa anga na marini nimewataja pale njia zinapoachana.

Watu wa Tanga na jeshi la Marekani wapi na wapi?

Wengi waliingia kwa bahati nasibu ya viza, wakapata ukaazi wa kudumu, na mwenye ukaazi huo anaruhusiwa kujiunga kama askari wa kawaida. Wengine walipitia mpango wa MAVNI, ulioanza 2008 na kuacha kupokea watu 2016, ambao ulisajili wageni wenye lugha zilizotafutwa na jeshi. Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Lugha tuliyonyonyea ikawa kazi.

DD-214 ni nini, na nishani huandikwa wapi?

Ni cheti unachopewa siku unayoachana na jeshi. Kinasema uliingia lini, ulitoka lini, ulifanya kazi gani na umeachishwa kwa sifa gani. Nishani, medali, tepe na beji zote hukaa kisanduku namba 13. Nafasi ikijaa, orodha huhamia namba 18, kwenye maelezo ya ziada. Kabla hujalalamika, soma mpaka chini. Kijana mmoja wa Chumbageni aliniletea karatasi akiwa na hasira za mwezi mzima, kumbe medali yake ipo namba 18, imefupishwa kwa herufi ambazo hakuzitambua.

Hakikisha pia unasoma nakala ndefu. Iko nakala fupi ambayo haina sifa ya kuachishwa, na ofisi nyingi haziipokei. Ndefu ya kwako wewe ina maneno Member-4 pembeni kwa chini.

Nilivishwa mbele ya kikosi kizima. Inawezekanaje isiandikwe?

Inawezekana sana, na mimi ni ushahidi. Kuvishwa ni sherehe. Kuandikwa ni kazi ya karani, na karani huandika anachokiona kwenye faili lako siku hiyo. Cheti kama hakikuingizwa kwenye faili, kwake yeye hukutunukiwa kitu, hata kama kamanda mwenyewe alikubandika kifuani na picha mkapiga.

Mimi nilitunukiwa nishani ya pongezi ya jeshi mwishoni mwa safari yangu ya ng'ambo. Miezi michache baadaye nikawa naondoka. Kwenye ofisi ya kuaga niliwekewa rasimu ya DD-214 niisome na kutia sahihi. Tikiti ya ndege iko mfukoni, mama ananisubiri, na nyuma yangu kuna foleni ya watu kumi na tano. Nikasoma jina, nikasoma tarehe, nikatia sahihi. Kisanduku namba 13 sikukitazama. Sahihi yangu ipo pale mpaka leo, inanicheka.

Miaka ilipita. Nilipokuja kuihitaji, sikuwa na nakala ya amri ya kutunukiwa wala namba yake. Nikaandika barua, nikajibiwa kwamba faili halina kumbukumbu ya nishani hiyo. Nikaandika tena kwa ukali zaidi, nikajibiwa maneno yale yale. Cheti chenyewe kilikuwa sebuleni kwa mama Barabara ya 12, ndani ya fremu yenye kioo, kando ya picha ya Kaaba. Nilikipiga picha na kukituma, wakasema hakionyeshi namba ya amri. Nikaapa kwamba hakina. Siku moja ukuta unapakwa rangi, fremu ikateremshwa, nikaigeuza. Fundi fremu alikuwa amekikunja cheti kwa chini kama vidole viwili ili kitoshee. Nilipokikunjua, namba ya amri na tarehe yake vilikuwa pale chini, vimelala salama muda wote huo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila anayenijia ni hili: cheti chako umekiweka fremu?

Namba ya amri ina faida gani kuliko nishani yenyewe?

Nishani ya bati unaweza kuinunua dukani. Amri huinunui. Kwenye Jeshi la Nchi Kavu kila nishani ya mtu binafsi hutolewa kwa amri yenye namba, na tarakimu tatu za mwanzo ni siku ya mwaka: inayoanza na 097 ilitolewa siku ya tisini na saba, yaani mwanzoni mwa Aprili. Anayeshughulikia faili lako akiwa na namba hiyo pamoja na jina la kikosi kilichoitoa, anajua rafu ya kutazama. Akiwa na picha yako unatabasamu umevaa nishani, ana picha.

Nianzie wapi?

Njia ni tatu, na kosa ninaloliona mara nyingi ni watu kukimbilia ya tatu.

Ya kwanza ni pale nishani ilipokwisha kutolewa kihalali, amri ipo, ila DD-214 imeisahau. Hilo ni kosa la uandishi. Halihitaji bodi wala wakili. Unapeleka barua fupi, nakala ya DD-214 na nakala ya amri kwenye ofisi inayotunza kumbukumbu za jeshi lako. Wa Nchi Kavu ni Kamandi ya Rasilimali Watu iliyoko Fort Knox, Kentucky. Wakiridhika hawakuchapishii DD-214 mpya. Wanakupa DD-215, karatasi ya masahihisho inayosema kisanduku namba fulani kiongezwe kitu fulani.

Ya pili ni nishani ambayo hukutunukiwa kamwe lakini unaamini ulistahili. Hapo hakuna cha kusahihisha, kuna cha kupendekezwa upya, na mlango wake ni mwingine kabisa. Nitaufikia.

Ya tatu ni Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Kijeshi. Ni pa mwisho. Ukienda huko kabla ya kugonga milango ya kawaida, watakurudisha, na utakuwa umepoteza miezi bure.

Naombaje faili langu nikiwa Tanga?

Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi kiko St. Louis, Missouri. Unaweza kuomba kwa mtandao kupitia eVetRecs, au kwa fomu SF 180. Mtandao ukikusumbua kwenye kuthibitisha utambulisho, usipigane nao wiki nzima. Chapisha SF 180 steshenari, jaza, tia sahihi kwa wino, andika tarehe, tuma. Fomu isiyo na sahihi na tarehe hairuhusu mtu kukupa faili lako. Huduma hiyo ni bure kwa mhusika mwenyewe, na kwa ndugu wa karibu kama mhusika ni marehemu.

Omba faili zima la utumishi, usiombe DD-214 peke yake. Hiyo unayo tayari, na ndiyo yenye kasoro. Unachotafuta ni makaratasi mengine: amri za uhamisho, tathmini za kazi, barua za mapendekezo. Walioondoka Jeshi la Nchi Kavu kuanzia Oktoba 2002 mafaili yao ni ya kielektroniki, na kwa kawaida huja haraka kuliko ya wazee.

Ukipiga simu, kumbuka saa. Saa kumi alasiri ya Tanga ni saa mbili asubuhi ya St. Louis wakati wa kiangazi chao, na saa moja wakati wa baridi. Mwenzangu mmoja alikuwa akipiga saa tatu asubuhi yetu kila siku na kulaani kwamba hawapokei. Kule ilikuwa usiku wa manane.

Nimesikia mafaili yaliungua. Langu je?

Moto ulikuwa tarehe 12 Julai 1973, hapo hapo St. Louis, ukala mafaili kati ya milioni 16 na 18. Yaliyoumia zaidi ni ya Nchi Kavu kwa walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, na ya Anga kwa walioachishwa kati ya Septemba 1947 na Januari 1964. Wewe uliyeondoka Tanga na simu ya kugusa mkononi, faili lako halikuungua. Ukiambiwa limeungua, anayekuambia hajui au anakudanganya. Linaweza kukuhusu kama umeoa huko na mkwe wako mzee ndiye anayetafuta nishani zake.

Ushahidi gani unakubalika nisipokuwa na amri?

Hapa ndipo kazi ilipo.

Wakubwa wa ushahidi ni karatasi zilizoandikwa wakati ule ule: cheti cha nishani, fomu ya pendekezo yenye sahihi za wakuu (kwa Nchi Kavu ni DA 638), tathmini ya sajenti wako inayotaja nishani, taarifa ya hospitali ya kijeshi kwa aliyejeruhiwa. Tathmini watu huzidharau, na nyingi zimewaokoa, kwa sababu afande anapokusifu kwa mwaka mzima huwa anataja ulichotunukiwa.

Baada ya hapo ni maelezo ya wenzako. Aliyekuwa nawe kombania moja aandike alichokiona kwa macho yake, alikuwa amesimama wapi, tarehe gani au angalau mwezi gani, na yeye alikuwa na cheo gani. Barua inayosema fulani alikuwa askari mzuri na alistahili haisaidii kitu. Inayosema "nilikuwa gari la pili, nikamwona anarushwa na mlipuko, nikamfunga bendeji mimi" ina uzito. Barua tatu zenye maneno yanayofanana neno kwa neno ni mbaya kuliko barua moja, maana msomaji anajua ziliandikwa na mkono mmoja.

Haihitaji mwanasheria wala mhuri. Sheria ya Marekani inakubali tamko lisilo na kiapo, na aliyeko nje ya nchi aongeze kwa Kiingereza sentensi kwamba anatamka chini ya adhabu ya kusema uongo kwa mujibu wa sheria za Marekani kuwa maelezo yake ni kweli, kisha sahihi na tarehe. Watu wanasafiri kutoka Pongwe kuja mjini kutafuta mhuri wa wakili kwa jambo ambalo kalamu inatosha.

Picha ziambatanishe, ila usizitegemee. Barua pepe za zamani za afande, hizo usizifute.

Jina langu kwenye faili si jina la cheti changu cha kuzaliwa. Ni tatizo?

Kwa sisi wa Pwani ndilo tatizo la kwanza. Umezaliwa Mwanakombo binti Hamisi, pasipoti ikaandika jina la babu kama ukoo, jeshi likaweka jina la baba katikati, ndoa ikaleta la nne. Wengine wamebadilisha jina siku ya kuapishwa uraia. Amri ya nishani ina jina moja, DD-214 ina lingine, na karani wa St. Louis hajui kwamba Hamisi na Khamis ni mtu mmoja.

Andika barua yako kwa jina lililoko kwenye faili la jeshi, hata kama hulipendi, kisha eleza kwa sentensi moja majina yako mengine na uambatanishe cheti kinachounganisha: cha uraia, cha ndoa, au cha kuzaliwa. Chochote cha Kiswahili, kama cheti cha ndoa cha BAKWATA, kifuatane na tafsiri ya Kiingereza yenye jina na sahihi ya mtafsiri. Angalia na tarehe. DD-214 za siku hizi huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, vyote vimeshikana: 20110407 ni tarehe 7 Aprili 2011. Lakini fomu nyingine za Kimarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 04/07 siyo tarehe 4 Julai unayoifikiria. Mimi mwezi nauandika kwa herufi, hakuna wa kukosea.

Zipo nishani ambazo hazihitaji mtu kunipendekeza?

Zipo, na ndizo zinazosahaulika zaidi. Medali ya Huduma ya Ulinzi wa Taifa ni ya aliyetumikia kwa heshima katika vipindi vilivyotangazwa, na cha karibuni kabisa kilianza 11 Septemba 2001 kikafungwa 31 Desemba 2022. Ukisoma DD-214 yako ukakuta ulikuwa kazini muda huo na medali hiyo haimo, hilo ni kosa la uandishi tu, barua moja inamaliza. Medali za kampeni nazo hutegemea ulipokuwa na tarehe, na ushahidi wake huenda tayari uko namba 18 ya karatasi yako mwenyewe, mahali panapotaja nchi uliyotumwa.

Medali ya Mwenendo Mzuri ni ya askari wa kawaida, kwa kila miaka mitatu ya utumishi usio na doa. Hiyo huwa na amri, na huwa inasahauliwa na makarani kwa wale waliomaliza mkataba wa kwanza wakaondoka. Tazama pia nishani za kikosi: kikosi kikitunukiwa baada ya wewe kuhama, hakuna atakayekupigia simu Tanga kukuambia.

Nilijeruhiwa lakini sina Purple Heart.

Nishani hii haihitaji kupendekezwa kama nyingine, wala haina kikomo cha muda. Inahitaji vitu vilivyo wazi: jeraha liwe limetokana na adui, liwe lilihitaji matibabu ya mganga wa jeshi, na matibabu hayo yawe yameandikwa. Kuteguka mguu ukikimbilia handaki siyo. Kichwa kutikiswa na mlipuko kunaweza kuwa, kama kilitibiwa na kuandikwa. Tafuta kwanza kumbukumbu za hospitali, halafu maelezo ya waliokuwepo. Bila karatasi ya matibabu utakuwa unapanda mlima wa Usambara kwa magoti.

Afande aliniahidi kuniandikia nishani, hakuandika. Nifanyeje?

Pole. Ahadi ya afande siyo pendekezo. Kanuni za Jeshi la Nchi Kavu kwa nishani nyingi zinataka pendekezo liingie kwenye mkondo rasmi ndani ya miaka miwili tangu tendo lenyewe. Muda huo ukipita, umebaki mlango wa Bunge la Marekani: sheria inaruhusu mbunge au seneta aombe jeshi lilipitie pendekezo lililochelewa. Jeshi linapitia na kutoa uamuzi. Mbunge halilazimishi kutunuku.

Lakini bado lazima awepo mtu wa kupendekeza, mwenye kujua tendo, hasa aliyekuwa mkuu wako. Mtafute afande huyo akiwa hai na kumbukumbu zake zikiwa na afya. Mwandikie kwa adabu, mkumbushe siku yenyewe, usimlaumu. Ukiwa raia wa Marekani unayeishi nje, anza na mbunge wa jimbo ulilokaa mara ya mwisho. Ofisi zao zina wafanyakazi wa kushughulikia mambo ya wanajeshi wa zamani, na huwa wanajibu.

Bodi ni nini, na nitaiombaje?

Zipo kwa sheria ya 1946. Wajumbe wake ni raia, si wanajeshi. Wa Nchi Kavu wana bodi yao, wa Anga wana yao, na wa majini wanaitumia moja pamoja na marini. Walinzi wa pwani, ambao wako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, wana ya kwao. Fomu ni DD 149, haina ada. Usiichanganye na DD 293, ambayo ni ya kuomba kubadilishiwa sifa ya kuachishwa.

Bodi huanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa. Mzigo wa kuthibitisha vinginevyo uko kichwani mwako. Kwa hiyo kwenye fomu usieleze maisha yako tangu Barabara ya 12. Sema kitu kimoja: kisanduku namba 13 kiongezwe nishani fulani, kwa sababu amri hii, maelezo haya, kiambatisho A mpaka D. Bodi inaweza kuomba maoni ya ofisi ya kijeshi. Wakikutumia nakala ya maoni hayo, yajibu ndani ya muda waliokupa, hata kwa mistari mitano. Watu wengi hukaa kimya hapo, wanadhani kesi imekwisha.

Kuhudhuria mwenyewe kunaweza kuombwa, ila mara nyingi huamua kwa karatasi tu. Usikate tikiti.

Miaka mitatu imeshapita tangu niondoke. Nimechelewa?

Muda wa kuomba bodi ni miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, na bodi yenyewe inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki. Eleza kwa nini umechelewa, kwa ukweli. "Sikujua kwamba haimo mpaka nilipoomba kazi mwaka huu" ni sababu. Mimi nilikuwa nimechelewa kupita kiasi na niliandika hivyo hivyo kuhusu fremu.

Itachukua muda gani?

Tanga tunasifiwa kwa waja leo waondoka leo. Bodi siyo Tanga. Sheria inataka sehemu kubwa kabisa ya maombi yaamuliwe ndani ya miezi 10, na yote yasizidi miezi 18. Njia ya kwanza, ya amri iliyosahauliwa, huwa fupi, lakini usiahidi watu harusi. Weka namba ya kumbukumbu ya maombi yako, na usitume maombi yale yale mara mbili kwa wasiwasi. Unaanzisha faili jipya na yote mawili yanasubiriana.

Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam unaweza kunisaidia?

Kurekebisha kumbukumbu za jeshi, hapana. Kuthibitisha sahihi wanathibitisha, kwa miadi, na ada ya dola 50 kwa kila mhuri. Kama nilivyosema, kwa jambo hili mhuri huo mara nyingi hauna kazi. Nauli ya basi mpaka Dar itumie kwenye EMS. Idara ya Masuala ya Maveterani nayo hairekebishi DD-214. Inaisoma tu.

Kuna mtu Facebook anasema atanishughulikia kwa dola 300.

Mwache. Fomu ni bure, ofisi ni za serikali, na huyo hana ufunguo wa ziada. Atataka namba yako ya hifadhi ya jamii, na ukimpa umempa maisha yako. Vyama vya maveterani vya Marekani vina watu waliopewa idhini ya kusaidia bila malipo, waandikie hao. Na dada zangu, yule "jenerali wa Marekani aliyeko Siria" anayekutumia picha za nishani na kuomba hela ya kodi ya forodha, nishani zake ni za kupakua mtandaoni.

Nimeambiwa nijiongezee tu kwenye PDF. Nani atajua?

Atajua wa kwanza atakayelinganisha na nakala iliyoko St. Louis. Kughushi cheti cha kuachishwa jeshi ni jinai ya shirikisho. Na tangu 2013 iko sheria inayomwadhibu anayejidai na baadhi ya nishani ili apate fedha au manufaa. Hata kuandika kwa kalamu juu ya nakala yako "kujikumbusha" usifanye. Karatasi iliyochorwa huwezi kuitumia tena.

Mume wangu alikuwa jeshini, amefariki. Naweza kuomba mimi?

Unaweza, mama. Kituo cha St. Louis kinamtambua mjane ambaye hajaolewa tena, wazazi, watoto, na ndugu wa kuzaliwa. Utahitaji cheti cha kifo. Kama alifia hapa ni cha RITA. Cheti cha ndoa kinaonyesha wewe ni nani kwake, na kama mlifunga ndoa kwa kadhi na hamkuisajili, shughulikia hilo kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwenye bodi pia mjane au mrithi anaweza kuomba kwa niaba ya marehemu. Eda ikiisha ndipo ushike makaratasi. Hakuna cha haraka kiasi hicho.

Kuna faida gani kuhangaika, na mimi nishaishi Tanga?

Inategemea nishani. Purple Heart inafungua mambo makubwa: aliyeipata kwa utumishi wa kuanzia 11 Septemba 2001 ana haki kamili ya malipo ya masomo ya maveterani, na masomo hayo yanaweza kusomwa hata nje ya Marekani kwenye vyuo vilivyokubaliwa. Medali za kampeni zinaweza kukupa upendeleo ukiomba kazi za serikali ya shirikisho. Nishani ya pongezi kama yangu haikuongezei senti. Mimi nilitaka mama asiambiwe na mtu kwamba ile ya ukutani ni ya uongo. Ilishawahi kusemwa, msibani, na jirani ambaye sitamtaja.

Babu yangu alikuwa Keya. Naye anaweza kupata medali zake?

Hili naulizwa kuliko yote, ingawa halinihusu. Keya ilikuwa jeshi la Mwingereza, kwa hiyo hakuna fomu hata moja kati ya nilizotaja itakayokufaa. Batalioni ya Tanganyika ilikuwa ya sita. Sajenti wake mmoja, Nigel Leakey, alipata Msalaba wa Victoria kwa vita vya Ethiopia 1941. Wengine wa Tanganyika walikwenda Burma, na wazee wetu wakarudi na nyota za shaba. Jua kitu kimoja: nyota za Vita vya Pili zilitolewa na Uingereza bila kuchongwa jina la mtu. Nyota iliyoko kwenye sanduku la bibi haithibitishi ni ya nani. Nishani za ushujaa ndizo zilizochongwa. Mapendekezo ya nishani za ushujaa za jeshi la Uingereza ya enzi ile yamehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, fungu la WO 373, na yanatafutika kwa jina mtandaoni. Jaribu tahajia zote, maana karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia.

Medali za Vita vya Kwanza, kama babu alikuwa upande wa Mwingereza, hazitolewi upya isipokuwa ile ya awali iwe ilirudishwa. Na kama babu alisimama hapa hapa Tanga Novemba 1914 upande wa Mjerumani, siku nyuki walipowakimbiza Wahindi na Waingereza, hiyo ni hadithi ya kusimuliwa barazani, nami nitakuja kusikiliza.

Wazee wa Kagera ni wa JWTZ, waanzie huko.

DD-215 imefika. Kimebaki nini?

Iambatanishe na DD-214 na usizitenganishe tena, kwa sababu moja bila nyingine haijakamilika. Toa nakala za kutosha, weka moja kwenye simu na nyingine kwa mtu unayemwamini. Kama ofisi yoyote ilishapokea DD-214 yako ya zamani, ipelekee na hii. Nishani yenyewe ya kuvaa, kama hukupewa au imepotea, huombwa kwa SF 180 ile ile.

Cheti unaweza kukirudisha ukutani. Changu kipo pale pale kando ya Kaaba, kwenye fremu kubwa zaidi. Fundi alitaka kukikunja tena, nikakaa naye mpaka alipomaliza.